Kistari na Herufi Moja

Siku ya tisa tangu watu wa Luberizi watawanyike, Libérat alifika kwa mdogo wake Sévère akiwa na msalaba begani. Ulikuwa msalaba wa mbao nyeupe, bado unanuka maranda, na juu yake fundi alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi: *Mama Louise Nizigimana*. Aliuegemeza ukutani, akajipangusa jasho, akaketi bila kukaribishwa kama kaka mkubwa anavyoketi katika nyumba ya mdogo wake.

"Nizigiyimana," alisema Noella, mke wa Sévère, akiutazama msalaba. "Wameruka silabi."

"Mwalimu," Libérat alisema, "mama amekufa, na weye unahesabu silabi."

"Hajafa, shemeji. Na hata angekuwa amekufa, jina lake lina silabi sita."

Sévère alikuwa amekaa kwenye kitanda cha watoto, mikono yake ya kupakua mizigo imelala juu ya magoti. Kwa kawaida saa hizo angekuwa bandarini Kalundu. Hakumtazama mkewe wala kaka yake.

Mama yao, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa akiishi Luberizi kwa Libérat. Risasi zilipoanza kusikika upande wa barabara ya Bukavu, Libérat alimpandisha mama juu ya lori la magunia ya mpunga, yeye mwenyewe akafuata kwa miguu na ng'ombe watatu. Ng'ombe wawili walifika Uvira. Lori nalo lilifika. Mama hakuwemo. Dereva alisema aliomba ashuke kidogo, kwa haja ya mtu mzima, na watu walikuwa wengi mno barabarani kuweza kungoja. Libérat alilisimulia jambo hilo mara moja tu, kisha hakutaka kuulizwa tena.

"Umeenda kule biro ya waliopotezana mara ngapi?" Libérat alimwuliza Sévère.

"Mara tatu."

"Na wanasema nini?"

"Haiko."

"Umesikia, mwalimu? Mashine imesema mara tatu. Jumamosi tunasoma misa, tunakaa matanga, tunalia kama watu. Siwezi tena kula huku sijui kama ninakula matanga ama ninakula chakula."

Noella aliona jinsi macho ya shemeji yake yalivyozama, akaelewa kwamba anayeomba matanga ni mtu aliyechoka kujilaumu. Lakini lilikuwepo jambo jingine lililomfunga ulimi. Mashine ile, ambayo sasa ilitumiwa kumzika mama mkwe wake, aliijua. Karatasi zinazoielekeza alizisahihisha yeye.

* * *

Noella alifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya Kalundu, mpaka madarasa yalipojaa wakimbizi na ubao ukawa mahali pa kuanikia nguo. Mjini walimjua kwa bik yake, kalamu ya wino mwekundu. Alisahihisha matangazo ya misa mlangoni mwa kanisa. Aliwahi kumrudishia mkuu wa avenue, kiongozi wa mtaa wao, barua yake ya mwaliko ikiwa na alama kumi na moja, na mkuu wa avenue akaiandika upya.

Ndiyo maana Bertrand Nsengiyumva alimtafuta. Bertrand alikuwa fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Shirika moja dogo lilikuwa limefungua biro ya watu waliopotezana katika ukumbi wa parokia, na kila kituo cha wakimbizi, kuanzia Kiliba hadi Lubarika, kilituma liste yake ya majina kila siku. Ordinateri zenyewe zilikuwa mbili, kuukuu, hazina hata picha za kubonyeza. Kila kitu kilifanywa kwa kuandika amri.

"Kuna amri mbili za kutafuta," Bertrand alimweleza. "Find inatafuta faili kwa jina la faili. Grep inaingia ndani ya faili, inasoma mustari kwa mustari mpaka ipate neno uliloandika. Wafanyakazi hawajui chochote, mwalimu. Watafuata karatasi tu. Kwa hiyo karatasi isiwe na kosa."

Zilikuwa kurasa nane, zimetolewa kwenye Kifaransa kwa haraka. Noella alikaa nazo siku mbili. Katika ukurasa wa pili alikuta Bertrand ameandika, "kisha mashine itafuta majina yote," pale alipotaka kusema itatafuta. Noella alipiga mstari mara mbili, akacheka kwa sauti hata watoto wakaja kuangalia. Silabi moja, na mfanyakazi angedhani kazi yake ni kufuta liste nzima! Bertrand alipoiona alishika kichwa.

"Hilo lingetuua," alisema.

"Lugha ni kitu cha kuheshimu," Noella alijibu, na alifurahi.

Bertrand alichapa kurasa zote kama zilivyosahihishwa, bila kuzisoma tena, kwa kuwa mtumbwi wa kumpeleka mji wa Baraka kufungua biro nyingine ulikuwa unangoja. Tangu hapo simu yake haikupatikana.

* * *

"Twende pamoja," Noella alimwambia mumewe asubuhi ile, mbele ya Libérat na msalaba wake. "Mara ya nne nataka kuona kwa macho yangu."

"Wataniambia tena haiko, Mama Irakoze," alisema Sévère, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mbele ya watu wote."

"Basi wataniambia na minye."

Walipanga foleni uani kwa parokia, nyuma ya watu arobaini hivi. Mtu alitoka ukumbini akiwa ameinamisha kichwa, mwingine akaingia. Mbele yao mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijani aliinama juu ya meza na kumtaja mumewe: Bonaventure, wa Luberizi. Mfanyakazi aliyeitwa Franck aliweka kidole juu ya karatasi ya Noella, akafuata maneno, akaandika kwa kidole cha mkono mwingine, akangoja.

"Haiko, mama."

"Angalia tena, baba."

"Mama, nimeangalia. Mutu mwengine aje."

Mwanamke alikaa pale kidogo, kama anayesubiri Franck abadili mawazo. Kisha akajiondoa, akiwapisha Sévère na Noella kwa adabu.

Franck alimtambua Sévère. "Ni weye tena, papa?" alisema, si kwa ubaya, lakini watu wawili nyuma waligeuka. Sévère alikunja kofia yake mkononi.

"Nizigiyimana Louise," alisema kwa sauti ndogo.

Franck aliandika. Noella alisimama nyuma ya bega lake akiangalia kioo cheusi. Amri ilikaa vizuri, jina likiwa na N kubwa mwanzoni na herufi ndogo baada yake, kama sarufi inavyotaka. Chini yake hakikutokea kitu.

"Haiko," alisema Franck.

Ukutani palikuwa na karatasi ya waliopatikana, imepangwa kwa vituo. Noella, ambaye hawezi kupita mbele ya karatasi bila kuisoma, aliisoma. Kiliba, watu kumi na wanane. Sange, kumi na mmoja. Runingu, tisa. Lubarika: patupu.

"Franck, Lubarika hawaleti liste?"

"Wanaleta kila siku, mwalimu. Katekista wa kule anaandika vizuri kuliko wote."

"Watu wangapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Watu mia tatu, na hakuna hata mmoja anayetafutwa na ndugu yake?"

Franck aliigeukia karatasi ya ukutani. Hakuwa mtu mjinga. Alikuwa mwuza dawa ambaye famasi yake iliporwa, na alifanya kile karatasi ilichosema.

"Nifungulie faili ya Lubarika. Ukurasa wa sita wa mwongozo unasema namna ya kuifungua."

Aliifungua. Majina yalishuka kwenye kioo kama kwenye kitabu cha ubatizo, moja chini ya jingine. Katekista wa Lubarika aliandika jinsi watu wa serikali wanavyoandika: jina la ukoo lote kwa herufi kubwa. ISHIMWE. NSENGIYUMVA. KABURA. Noella aliinama karibu na kioo.

"Andika jina la mama kwa herufi kubwa," alisema. "Zote, mpaka ya mwisho."

Franck aliandika polepole. Alibonyeza. Na pale ambapo palikuwa patupu mara nne, mstari mmoja ulikaa.

NIZIGIYIMANA Louise, Luberizi, miaka 71, mguu wa kuume umevimba, analala kwa masista.

Tarehe ilikuwa ya siku nane nyuma.

Sévère aliinama akasoma, huku midomo yake ikitembea. Kisha aliweka kiganja kizima juu ya kioo cha mashine, juu ya mstari ule, na Franck hakuthubutu kumwambia aondoe mkono.

* * *

Madame Félicité, mkuu wa biro, alikuwa mwanamke mnene na mwangalifu, aliyewahi kuwa katibu wa ofisi nyingi na kuziona nyingi zikifungwa kwa aibu. Alifunga mlango wa chumba chake, alimokaa na mashine ya pili, kabla ya kuwasikiliza Noella na Franck.

"Kosa ni la nani? La Bertrand?"

"Langu," alisema Noella. Alikuwa ametoa katika kapu lake kurasa za kwanza, zile za Bertrand zenye wino wake mwekundu, kwa maana hakutupa kamwe karatasi aliyoisahihisha. Alifungua ukurasa wa nne. "Hapa aliandika grep, halafu kistari na herufi i, halafu jina kwa herufi ndogo. Na chini alieleza kwa Kiswahili kibaya: *herufi kubwa ni ingine, herufi ndogo ni ingine, isipokuwa umeweka ile i*. Mimi niliona kistari na i peke yake, nikadhani ni kibodi imeteleza. Nikakata. Jina nikalipa herufi kubwa mwanzoni. Sentensi ya chini niliona haina maana, nikaikata pia."

"Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza. Nilikuwa na hakika."

Franck alijaribu palepale kwenye mashine ya pili. Aliweka kistari na i, akaandika nizigiyimana kwa herufi ndogo. Mstari ukaja. Akaandika ishimwe. Ikaja mistari minne.

Madame Félicité alivua miwani. "Sawa. Tuchape ukurasa mpya, tubadilishe, tuendelee na kazi. Bila kelele. Watu wakijua kwamba tuliwadanganya, hata kwa bahati mbaya, hakuna atakayekuja tena hapa."

"Na wale walioambiwa haiko?"

"Wakirudi, wataambiwa iko."

"Hawatarudi, Madame. Nyumbani kwangu kuna msalaba umeegemezwa ukutani. Jumamosi tulikuwa tusome misa. Mtu aliyeambiwa mara tatu kwamba ndugu yake haiko, anarudi kufanya nini?"

Ng'ambo ya mlango mtoto alilia, mtu akamnyamazisha.

"Kitabu chenu kina majina ya wote waliouliza," Noella aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya darasani. "Tuanze ukurasa wa kwanza, tuulize upya kila jina. Foleni nitaiambia minye mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Nitasema kilichotokea."

Na alisema. Alisimama juu ya ngazi ya ukumbi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya shule, akawaeleza watu kwamba mashine ilikuwa ikiulizwa vibaya kwa sababu yeye, Noella, mwalimu wa Kiswahili, alikata herufi isiyostahili kukatwa. Hakuongeza sababu. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti, "Ndiyo hawa wasomi," na watu wakaguna. Mzee mmoja alitema mate, si juu yake, lakini karibu ya kutosha. Noella aliyaangalia mate yale, akavuka, akaingia ndani kushika kitabu.

Majina yalikuwa mia moja na kumi na mawili. Yeye alisoma, Franck aliandika. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Walipomaliza, watu thelathini na mmoja waliokuwa "haiko" walikuwa wamepatikana, karibu wote Lubarika.

* * *

Libérat alipoambiwa, hakuuliza kuhusu herufi. Aliuliza, "Anakula?" Kisha alikaa chini uani, mtu mzima wa miaka hamsini, akalia mpaka wajukuu wa jirani wakamkimbia. Alipomaliza aliuchukua msalaba, akaupeleka kwa fundi, akarudi mikono mitupu.

Kesho yake ndugu wawili walipanda moto, yaani pikipiki, hadi Sange, na baada ya hapo walitembea, kwa sababu barabara ilikuwa na askari ambao hakuna aliyejua ni wa upande gani siku hiyo. Siku ya tatu walirudi. Sévère alikuwa amembeba mama yake mgongoni kuanzia barabara kubwa, kama anavyobeba gunia, isipokuwa kwamba gunia hakulishika hivyo.

Mama Louise aliketishwa juu ya mkeka, Noella akaleta maji ya uvuguvugu na chumvi kwa ajili ya mguu. Bibi alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa na uchokozi uleule. Aliposhuka kwenye lori, alisema, aliona wanawake wa Lubarika wanapita, na Lubarika ndiko alikozaliwa, kwa hiyo akawafuata. Alishangaa kwamba watu walikuwa wamehangaika.

"Nilisema jina langu siku ya kwanza," alisema. "Yule katekista aliandika. Nikasema, watoto wangu watakuja kesho. Kila siku nikasema kesho. Masista wakaanza kunionea huruma, na hicho sikukipenda."

Noella aliendelea kuosha mguu. "Mama, ni minye nilikuchelewesha."

"Nimesikia. Sévère amenieleza njiani, sikuelewa. Nionyeshe."

Noella alichukua karatasi, akaandika jina mara mbili: mara moja kwa herufi kubwa tupu, mara moja kama alivyofundisha miaka ishirini. Bibi, ambaye hakujua kusoma, aliweka kidole juu ya moja, kisha juu ya nyingine.

"Huyu ni minye?"

"Ni weye, mama."

"Na huyu?"

"Ni weye vilevile."

"Sasa mashine haikujua?"

"Mashine inajua inachoambiwa. Aliyeitengeneza alijua kwamba watu wanaandika namna mbili, akaweka alama ya kuiambia. Minye nikaifuta alama."

Bibi alisema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, "Mwana wanje," yaani mwanangu, na akausukuma mguu wa pili ndani ya beseni ingawa huo haukuwa umevimba.

* * *

Kati ya wale thelathini na mmoja, ndugu zao ishirini na sita walipatikana siku mbili za kwanza kwa simu, kwa matangazo ya misa, kwa kuulizana. Wanne Noella aliwafuata mwenyewe kwa miguu, avenue hadi avenue. Mmoja alimfungia mlango baada ya kusikia habari, kisha akaufungua tena kuomba arudie mahali alipo kaka yake. Akabaki mtu mmoja: yule mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijani, Marie-Rose, mke wa Bonaventure. Alhamisi asubuhi jirani yake alisema, "Amechoka kungoja. Anaondoka leo na boti ya Kalemie. Ana dada kule."

Noella alikimbia. Mwalimu hakimbii mjini, lakini yeye alikimbia, kapu likimpiga ubavuni, hadi Kalundu ambako boti ilikuwa imejaa ndizi, majiko, na watu waliokaa juu ya vitu vyao. Mashine ya boti ilikuwa tayari inakohoa. Wapakuzi walimtambua.

"Ni mama wa kwa Sévère! Unatafuta nani?"

"Marie-Rose wa Bonaventure! Wa Luberizi!"

Wanaume wale walioshinda wakiitana kutoka gati hadi botini walilichukua jina, wakalirusha kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, mpaka likafika mwisho wa ubao wa kupandia. Pale mwanamke mwenye godoro kichwani aligeuka, taratibu, kwa kuwa mwenye godoro kichwani hawezi kugeuka haraka.

"Nani ananiita?"

"Mume wako iko!" Noella alipiga kelele, na hakusahihisha sentensi yake. "Iko Lubarika. Mkono umefungwa kwa mbao, lakini iko muzima."

Marie-Rose hakushuka. "Walisema haiko. Mara nne niliomba, walisema haiko."

"Walisema vibaya."

"Nani alisema vibaya? Yule kijana?"

Nahodha alisema kitu kuhusu muda. Noella alipanda ubao hadi katikati, mpaka akafika mahali ambapo hakulazimika kupaza sauti.

"Si kijana. Yeye alifuata karatasi. Karatasi niliiandika minye, na niliikosea. Mume wako alikuwa ndani ya mashine kila siku uliyokuja."

Marie-Rose alimtazama. Ilikuwa wazi usoni mwake kwamba anapima mambo mawili, na kwamba mikono yake, iliyoshika godoro, ilitaka kufanya jambo la tatu. Kisha alishuka hatua mbili, akalitoa godoro kichwani pake, akalitua kwa uzito wote juu ya kichwa cha Noella.

"Beba," alisema.

Godoro lilikuwa limelowa upande mmoja na lilinuka moshi. Noella alilishika kwa mikono miwili, akainama, akatafuta uwiano. Nyuma yake boti iliondoka. Marie-Rose alitangulia na fungu lake la sufuria, akipanda barabara ya bandari bila kugeuka nyuma, na mwalimu wa Kiswahili akamfuata, mbele ya shule yake, mbele ya wanafunzi wake waliosimama madirishani pamoja na wakimbizi. Mmoja wao alisema, "Shikamoo, mwalimu," kwa kutojua aseme nini. Noella aliitikia, "Marahaba," kutoka chini ya godoro, kwa sauti iliyo sawa, akaongeza hatua ili asiachwe.